Sufuria la msikiti lilipikiwa kitimoto kwenye sherehe ya upadre ya mdogo wangu, na msimamizi wa vyombo nilikuwa mimi

Wakuu, heshima yenu wote, wa imani zote na wale ambao bado mnatafakari.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Nasoma, nacheka, naweka like, napita. Leo nafungua uzi wangu wa kwanza. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, nimebadilisha majina tu kwa sababu wahusika wana simu janja na mmoja wao ni mkali sana. Atakayesema ni chai aje Tukuyu, nitampeleka akalione sufuria lenyewe.

Twende taratibu.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda Tukuyu mjini, ila nyumbani ni Kisondela. Kwetu ni Wakatoliki. Kwa wasioijua Rungwe, huku utakuta Wamoravian na Walutheri kila kona, sisi Wakatoliki tupo tupo, na Waislamu ni wachache zaidi yetu. Ukoo mmoja unaweza kuwa na wote hao. Mama yangu kazaliwa Mmoravian akaolewa Ukatolikini, na kaka yake, mjomba Anangisye, ni mzee wa kanisa la Moravian huko Kisiba hadi leo.

Mdogo wangu Lugano alikuwa seminari. Mwaka huo jimbo likatangaza atapewa daraja la upadre, halafu Jumapili inayofuata aje kusema misa ya shukrani kigangoni kwetu, na sherehe iwe nyumbani.

Mama alilia siku nzima. Ya furaha, msiogope.

Sasa, Lugano akaja na sharti moja. Wakati wa harusi ya dada yetu, majirani zangu wa mjini wenye vibanda walikuja, na kati yao walikuwemo Waislamu. Hakuna aliyekuwa amefikiria nani amechinja ng'ombe. Wale watu walikaa pale mchana kutwa na soda mkononi, wanapiga makofi, wanatabasamu. Mimi nilidhani hawana njaa. Wakuu, nilidhani hivyo kweli! Ni Lugano aliyegundua, na siku ile alikuwa mgeni tu wa likizo.

Akaniambia, "Kaka, siku yangu sitaki mtu ashibe soda. Wote wale chungu kimoja."

Nikasema hilo dogo, niachie mimi.

Jirani yangu wa kibanda ni Mama Shani. Anauza vitenge. Ni Mnyakyusa Mwislamu, mama wa makamo, mcheshi, na tumepakana mwaka wa nane ule. Nikitoka anachunga simu za wateja wangu, akienda kuswali nachunga vitenge vyake. Zaidi ya hapo, yeye ndiye mtunza vyombo wa kina mama wa msikitini kwao. Wana masufuria manne makubwa ya shughuli, yale ambayo mtu mzima anaweza kuingia akajificha. Huku kwetu ukiwa na sherehe ya watu wengi, unawaza kwanza mvua, halafu masufuria.

Nikampelekea ombi zima. Mumewe atuchinjie ng'ombe, yeye na wenzake wasimamie pilau, na tuazime masufuria.

Akanijibu kwamba la kuchinja na la kupika halina shida. La masufuria inabidi akakae na wenzake, maana ni mali ya wote.

Alirudi kesho yake amechoka. Kumbe kikao kilikuwa kirefu. Kuna mama mmoja anaitwa Bi Rukia, mtu mzima, ambaye alisimama akasema wazi kwamba watu wa Kisondela wanakula kitimoto kama ugali, na vyombo vya Idi haviendi huko. Kusema kweli hakukosea kuhusu Kisondela. Kisondela yetu, Lupepo, Kisiba, kote huku nguruwe ana heshima yake.

Mama Shani akawaambia wenzake kwamba anatufahamu, na kama kutatokea lolote, aulizwe yeye.

Halafu akanitazama akasema, "Fundi, nimeweka jina langu. Nakuomba kitu kimoja tu. Nguruwe asisogee kwenye hayo masufuria. Idi ni Ijumaa inayofuata sherehe yenu, na tunapikia humo."

Nikamwambia, "Mama Shani, hata kivuli chake hakitapita. Msimamizi wa vyombo nitakuwa mimi mwenyewe."

Wakuu, kinywa changu hiki!

Ili nisikosee, nilichukua vitambaa vya kijani nikafunga kwenye mikono ya masufuria yale manne. Yetu ya kukodi hayakuwa na kitu. Nikawaita shemeji zangu wote wa jikoni nikawapa semina: kijani ni la msikiti, lisilo na kijani ni letu. Nilijiona meneja wa hoteli.

Jumapili ikafika.

Jamani, ile siku ilikuwa nzuri. Ukungu ulitoka mapema, Mlima Rungwe ukaonekana wote mpaka kileleni. Wamoravian walileta tarumbeta zao wakampokea padre mpya njia panda, yaani Mkatoliki anaingia kwao anapigiwa tarumbeta na Wamoravian, na nyuma yao wanatembea akina Mama Shani na vitenge vya sare tulivyoshona wote. Padre Lugano alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Mama akacheza mpaka kiatu kikakatika.

Na pilau likaliwa. Niliwaangalia makusudi Waislamu wetu, na kila mmoja alikuwa na sahani yenye mlima. Mume wa Mama Shani alirudi mara mbili. Moyo wangu ulitulia kabisa.

Mchana ule ungeishia hapo, uzi huu usingekuwepo.

Wageni wa mjini walipoanza kuondoka, akina Mama Shani wakiwemo, tukasikia honi za bodaboda zinapanda kilima. Ni mjomba Anangisye na watu wake kutoka Kisiba. Walikuwa wamechelewa kwa sababu walikuja na zawadi. Ya kwanza ilikuwa mkungu wa ndizi. Ya pili ilikuwa imefungwa kamba nyuma ya bodaboda, inapiga kelele kuliko tarumbeta.

Nguruwe. Mzima. Mnene.

Kwa asiyejua kwetu, mjomba akileta mnyama kwenye sherehe ya mpwa wake, huwezi kumwambia ahsante mjomba, mfunge pale tutamla wiki ijayo. Anachinjwa siku hiyo, mjomba anaona, mjomba anakula. Vinginevyo umemwambia zawadi yake haina maana, na hiyo kesi itasimuliwa mpaka kwenye msiba wako.

Nikasema sawa, apelekwe nyuma kabisa kwenye migomba, mbali na jiko. Waislamu wameshaondoka, masufuria yao yameshaoshwa, nini kitaharibika?

Vijana wa mjomba wakaniuliza, "Msimamizi, tupikie wapi?"

Nilikuwa nimeshika sahani mkono mmoja, simu mkono mwingine, namrekodi mama anavyocheza na kiatu kimoja. Nikageuka, nikaona masufuria yamepangwa kifudifudi kwenye majani ya migomba. Moja lilikuwa peke yake pembeni, halina kitambaa. Nikanyoosha kidole.

"Chukueni lile pale."

Maneno matatu tu.

Jumatatu asubuhi nikaita kirikuu ije ibebe masufuria kuyarudisha mjini. Nikayahesabu. Ya kijani, moja, mbili, tatu. La nne sikuliona. Nikamuuliza shemeji yangu mmoja, akanijibu bila wasiwasi wowote kwamba vile vitambaa walivifungua wakati wa kuosha, maana vililoa na kuingia masizi, halafu wakafunga upya kwenye yale waliyoyakumbuka.

Waliyoyakumbuka!

Nikatembea mpaka kwenye migomba. Sufuria lilikuwa pale, limesuuzwa kidogo tu, mafuta meupe yameganda kwa baridi ya Juni. Nikaligeuza. Chini yake kuna herufi M imechomelewa. Yote ya msikiti yana hiyo alama, na mimi mwenye semina yangu ya vitambaa sikuwahi kuwaambia watu waangalie chini.

Nikakaa pale pale kwenye majani.

Kilichoniuma si sufuria. Nilimuona Mama Shani amesimama mbele ya wenzake anasema "nawafahamu hawa". Nikisema ukweli, wa kwanza kuaibika ni yeye. Nisiposema, Ijumaa watu wazima na watoto wao watakula Idi yao kwenye sufuria la nguruwe bila kujua, na mtunza vyombo ni yeye.

Nikamwita kaka Philipo, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu wa busara za haraka. Akaliangalia sufuria, akaniangalia mimi, akasema, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi chukua sabuni, chukua ndimu na majivu, sugua mpaka ling'ae. Rudisha. Asichokijua mtu hakimdhuru."

Nakiri mbele yenu kwamba nilishika sabuni. Nikasugua kama dakika ishirini hivi. Lilikuwa linang'aa kweli.

Mama akapita na fimbo yake. Mama ni mtu wa Kinyakyusa zaidi, Kiswahili chake kina njia zake. Akasimama akauliza, "Gwe mwana gwangu, sufulia la watu unaliosha na machozi?"

Sikujua kama nalia. Nikamweleza. Mama akaegemea fimbo yake, akasema, "Wewe ukienda kwake, akakupa chakula, ukala, halafu akakwambia baadaye hiki nilikuwekea kitu cha mwiko wako ila nilikiosha. Utamlaumu kwa kitu au kwa kukuficha?"

Akaondoka zake kwenda kulisha kuku.

Nilikuwa na mbinu moja ya mwisho. Padre wangu si yupo ndani, anakunywa chai? Nikamfuata chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia, "Padre, nataka kuungama." Akashtuka, akavaa stola yake haraka, mimi nikiwa miongoni mwa watu wa kwanza kuungama kwake. Nikamwaga yote. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nikishaungama, nimesamehewa, na yeye hawezi kumwambia mtu, mchezo umeisha.

Siri ya kitubio inamfunga padre, ila niliyoambiwa mimi ni yangu, na nayatoa. Aliniambia, "Kaka, Mungu anasamehe. Ila kitubio hakioshi sufuria."

Dogo niliyembeba mgongoni!

Nikapanda kirikuu na masufuria matatu. La nne nililiacha nyumbani.

Nilimkuta Mama Shani kibandani kwake na wateja, wiki ya Idi kila mtu anataka kitambaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa furaha, akaanza kunisifia sherehe. Alisema wenzake wote wamefurahi na hata Bi Rukia kauliza lini tena. Alivyozidi kusifia ndivyo nilivyozidi kupungua.

Wateja walipotoka nikamwambia. Moja kwa moja, bila mapambo. Sufuria moja limepikiwa nguruwe, aliyesema wachukue ni mimi, vijana hawana kosa.

Alikuwa anakunja kitenge. Akaendelea kukikunja mpaka kikaisha, akakiweka rafuni, akachukua kingine ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa, akakikunjua, akaanza upya.

"Nani mwingine anajua?"

Lile lile swali la kaka Philipo, ila sauti tofauti.

"Nyumbani kwetu tu. Na nimelisugua, linang'aa. Ungelipokea usingejua."

"Kwa hiyo ungeweza kunyamaza."

"Ndiyo, Mama Shani. Nilishaanza kunyamaza."

Hapo akanigeukia, na wakuu, alinipa. Sijawahi kumsikia Mama Shani akipandisha sauti kwa miaka yote ile. Kwamba aliweka jina lake. Kwamba Bi Rukia atamla mzima mzima. Kwamba mimi ni mtu mzima ninayefungua simu zenye skrubu ndogo kuliko sisimizi, nimeshindwaje kuangalia sufuria la kuingia mtu? Jirani wa viatu alitoka nje kuangalia kuna nini. Nilisema nisamehe tu.

Alipomaliza, akafunika vitenge, akasema, "Twende kwa ustadhi."

Ustadhi wao ni kijana, anafundisha madrasa. Alinisikiliza kwa utulivu. Nilitegemea aseme sufuria litupwe, na nilishaanza kuwaza nitalipataje jipya kabla ya Ijumaa. Akasema hapana. Akaeleza kwamba kwao najisi ya nguruwe inaondoka kwa kuosha mara saba, na moja kati ya hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Basi. Sabuni yangu na ndimu zangu alizisifia, lakini hazikuwemo kwenye hesabu.

Nilitaka kumkumbatia.

Mama Shani akasema, "Sawa. Lakini wenzangu nitawaambia mimi mwenyewe, leo leo. Na hilo sufuria mtakuja kuliosha nyinyi, mbele yao, pale nyuma ya msikiti. Na padre wako aje. Sherehe si ilikuwa yake?"

Jumatano tukalibeba sufuria, tukaenda.

Nilidhani tungekuwa wawili. Padre Lugano alikuja, kaka Philipo alikuja kwa aibu, mama naye akasema habaki. Tulipofika tukakuta bodaboda mbili zimeegeshwa. Mjomba Anangisye! Habari zilimfikia Kisiba, akasema nguruwe alikuwa wake na yeye hawezi kukaa nyumbani wakati mpwa wake anaosha. Alikuja amevaa koti lake la kanisani, na kijana wake amebeba ndoo.

Kina mama wa msikitini walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Hakuna aliyetukaribisha kwa kicheko. Mama Shani alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, macho chini, na hapo ndipo niliona hasa nilichomfanyia. Bi Rukia alikuwa amesimama mbele, mikono kiunoni.

"Si nilisema?" akaanza. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mama," nikajibu.

Mjomba akaingilia kati kwa heshima zote, akavua kofia. "Mama, ndaga fijo kwa kutupokea. Sisi watu wa Kisiba tumesikia unatakiwa udongo. Tumeleta udongo mzuri, mweusi, wa kwetu."

Bi Rukia akaisogelea ndoo. Akachungulia. Akauliza, "Umetoka wapi huu?"

"Nyumbani kwangu, mama. Nyuma ya banda."

"Banda la nini?"

Mjomba akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama kijana wake, kijana akatazama juu.

"La... la ngulube," mjomba akasema kwa sauti ya chini kabisa.

Halafu nikasikia mtu anakohoa, kumbe ni Mama Shani anajizuia asicheke. Akashindwa. Mkeka wote ukalipuka. Mama yangu alicheka mpaka akashikilia ukuta. Padre aliinama akaficha uso kwenye sufuria. Hata Bi Rukia aligeuka upande wa pili, mabega yanatikisika, ila alipogeuka tena uso ulikuwa wa mwalimu mkuu.

"Rudisha hiyo ndoo kwenye pikipiki," akasema. "Udongo tunao."

Tukachimba kwenye kiwanja chao. Tukaanza kazi. Na msimamizi alikuwa Bi Rukia mwenyewe, anahesabu kwa kidole. Maji ya Tukuyu mwezi wa sita mnayajua, yanauma mpaka kwenye mfupa. Mimi na padre tulikuwa ndani ya sufuria mpaka mabegani, mjomba anamimina maji, kaka Philipo anasuuza nje.

Mama alimwangalia mwanae, akasema kwa uchungu kidogo kwamba ile mikono imepakwa mafuta matakatifu juzi tu. Padre akajibu bila kuinua kichwa, "Mama, acha ifanye kazi."

Kwenye ya nne Bi Rukia akasema, "Hiyo sihesabu. Hamkufika chini ya mkono."

Tukarudia. Kwenye ya sita padre akasema ni ya saba. Bi Rukia akamwambia, "Padre, kwenu mnahesabu vipi?" Watu wakacheka tena. Kina mama wengine walikuwa wameshasimama, wanatuelekeza, mmoja akaleta chai ya tangawizi kwa sababu alisema meno ya padre yanagongana. Ilipofika ya saba kweli, Bi Rukia alipitisha kiganja chake ndani ya sufuria, polepole, mzunguko mzima. Akasema limetosha. Akaondoka.

Nilirudi nyumbani sijui tumesamehewa au tumevumiliwa tu. Kuna tofauti, na usiku haukuwa mzuri kwangu. Mama Shani Alhamisi alinisalimia vizuri kibandani, lakini alikuwa mnyamavu. Nikauliza, wenzake wamesemaje? Akasema hawajasema. Nikauliza, sufuria mtalitumia? Akasema, "Mpishi wa Idi mwaka huu ni Bi Rukia. Yeye ndiye atachagua."

Nikaona hapo kwisha habari yangu. Masufuria yapo manne, yeye anaweza kutumia matatu na la nne likakaa stoo miaka yote, na kila atakayeliona atamkumbuka Mama Shani aliyeliazima. Hakuna atakayegomba. Litakaa tu.

Ijumaa tukaalikwa. Mimi, padre, mama, kaka Philipo, mjomba safari hii bila ndoo. Baada ya swala ya Idi tukakaa kwenye mikeka nje, watu wamependeza, marashi kila upande. Macho yangu yalikuwa jikoni. Moto ulikuwa mmoja mkubwa na mingine ya pembeni, na juu ya ule mkubwa kulikuwa na sufuria moja linalotoa mvuke wa pilau. Lilikuwa limefunikwa, sikujua ni lipi.

Mama mmoja akamuuliza Bi Rukia, kwa sauti ambayo wote tulisikia, "Bi Rukia, ulichukua lipi kupikia?"

Bi Rukia akafunua. Akachota upawa wa kwanza akajiwekea yeye mwenyewe. Akala pale pale, amesimama, mbele ya wote, bila haraka. Akameza.

"Lile lile," akasema. "Katika manne haya, hilo ndilo pekee ninalojua kwa macho yangu limeoshwa mara saba. Haya mengine nawaamini nyinyi tu."

Sikuweza kuzuia. Nililia mbele za watu, na sahani mkononi. Mama Shani alinipiga kibao cha mgongo akasema, "Kula, fundi, acha kutuongezea chumvi."

Nikala. Na padre akala, na mjomba akala sahani mbili, na hakuna siku pilau limewahi kunishuka vile.

Wakuu, nimehudhuria makongamano ya dini mbalimbali kuhusu kuishi pamoja. Mazuri, hotuba nzuri, picha ya pamoja nzuri. Sibezi. Lakini nilichojifunza mimi ni kwamba jirani wa imani nyingine hakuombi ujue kitabu chake chote. Anakuomba ukumbuke kitu kimoja alichokuambia ni kizito kwake, na siku ukikiharibu, umwambie wewe mwenyewe kabla hajala. Mimi nilidhani kusema ndiko kutavunja ujirani. Kumbe kule kusugua kwa ndimu nyuma ya nyumba ndiko kulikokuwa kunauvunja, kimyakimya.

Mwaka huu kigango chetu kina sherehe ya kipaimara, tukaomba tena masufuria. Nilimtuma kaka Philipo, nikaona mimi uso wangu haufai. Kikao cha kina mama, naambiwa, kilichukua dakika tano. Bi Rukia ndiye aliyesimama, akasema wapewe yote manne, ila kwa sharti moja: msimamizi wa vyombo awe yule fundi.

Wakauliza, yule yule aliyeharibu?

Akasema, "Yule yule aliyekuja kusema."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wewe ungesema au ungesugua ukakausha? Na kama kuna mtu amewahi kumkosea jirani wa dini nyingine kwa bahati mbaya, atupe yake hapa chini tujifunze. Matusi ya dini ya mtu yeyote sitaki kwenye uzi wangu. Watu wa Kisiba mnakaribishwa, ila swali la udongo msilijibu.